Pumzi Yangu Kwenye Mifuko

Jumanne. Mawingu yameikalia Kawempe tangu alfajiri, hayanyeshi wala hayaondoki. Moyo wangu nao umekunja uso hivyo hivyo.

Leo sikwenda mjengo kubeba zege. Nilikwenda hospitali kupuliza pumzi kwenye mifuko.

Tumbo limenitesa tangu mwaka jana. Nikila kidogo nashiba kama nimemeza jiwe, na asubuhi natapika chakula cha jana. Waliniingiza kamera kooni, wakasema hakuna kidonda. Daktari akanieleza kwamba siku hizi watafiti wanajua tumbo linaweza kuonekana zima na bado likaumwa, kwa sababu misuli yake inasukuma polepole, au halisikilizani na ubongo.

Mimi nilisikia jambo moja tu: unaumwa kichwani.

Na kipimo chenyewe ni bure. Bure ya nani? Wanakupa yai walilolipika wao, lenye dawa inayotoka na pumzi chakula kikishasukumwa. Kisha kila nusu saa unapuliza mfuko, wanaufunga na kuuandika jina lako. Nikauliza pumzi yangu inapelekwa wapi. Wakasema maabara. Sikuridhika.

Walikuwa wameniagiza nije bila kula. Lakini sisi wabeba zege hatutoki nyumbani tumbo tupu. Wa hivyo huanguka na karai. Nikala katogo ya ndizi na matumbo kabla hakujapambazuka. Nilijiambia, dawa yao ikinilewesha, angalau kuna kitu chini.

Sista Akello, muuguzi aliyekulia kambini kwa baba mwanajeshi, ana Kiswahili cha amri.

"Umekula?"

"Hapana, sista."

Nikala yai lao, nikapuliza mfuko wa kwanza, nikapuliza wa pili. Akaniambia wanaangalia yai linakaa tumboni muda gani. Hapo nikaelewa: katogo yangu italizuia lile yai njiani, na kipimo kitasema tumbo langu ni zito.

Nikanyamaza.

Niseme ukweli, nilinyamaza kwa kupenda. Fomeni wetu kule mjengoni Bukoto amenichoka. Juzi alinipigia kelele mbele ya watu: "Wewe Mkenya, tumbo lako liko na kalenda? Linauma siku ya zege tu!" Nisipomletea karatasi ya daktari kufikia Ijumaa, nafasi yangu ina mtu. Niliitaka hiyo karatasi, hata ya uongo.

Ila karatasi hufuatwa na dawa. Ningemeza vidonge miezi mingapi kutibu sahani ya katogo?

Kwenye mfuko wa tatu nikamwambia.

Sista alinitazama, kisha akamwita mwenzake. "Njoo uone! Ssebo, bwana huyu hapa, ametupikia majibu nyumbani kwake!" Wakacheka mpaka wakashika meza. Akaitupa mifuko yote mitatu. "Rudi Alhamisi. Na usikule! Hata chai, hata ya kuonja."

Nilirudi kwa miguu, nikiwa na aibu na hasira, sijui hasira ya nani.

Alhamisi nitakwenda na njaa. Nimeishuku kamera, nimelishuku yai, nimemshuku hata sista wa watu. Sasa linaloninyima raha ni hili: nikipuliza kwa haki, wakakuta tumbo linasukuma vizuri, fomeni nitamwambia nini?

Na mimi mwenyewe nitajiambia naumwa nini?