Kijiji Nilichokiandika Mahame

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku milimani, ambako hata salamu hufika zikihema. Natumaini barua itakukuta umesimama, maana nakujua, ukiwa mzima hukai. Ukikaa tujue goti limeanza vituko vyake. Linaendeleaje? Shemeji ameshaacha kulipaka mafuta ya taa? Na mama, bado anabishana na redio? Wanangu wote nawabusu, hata yule mkubwa anayejifanya siku hizi habusiwi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una hofu, dada, hofu ambayo sijapata kuijua, na sina mwingine wa kumwambia.

Kazi yetu unaijua kwa juu juu. Tunaandika vijiji vya wilaya hii na kuvichora kwenye ramani, kwa sababu vingi havijawahi kuchorwa tangu dunia iwe dunia. Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya ghala la mahindi: meza mbili, bati linalovuja, na ramani iliyofunika ukuta mzima. Mkuu wetu tunamwita Mzee Wino, maana vidole vyake havijatakata tangu tumjue. Ni mpole, lakini kwenye kazi hana mchezo. Kwake nyumba haiandikwi mpaka mwandishi ameugusa mlango wake kwa kiganja. Hataki kusikia umeiona kwa mbali, wala umeambiwa na jirani. Ukimaliza kijiji unajaza fomu, unatia sahihi, naye anachora. Siku mbili kabla hujafika, mjumbe hutangulia kuwaambia watu wasiende shamba, bali wakusanyike katika nyumba moja wakusubiri, asije mtu akahesabiwa mara mbili.

Sasa mvua zimekuja mapema, na zimekuja kwa hasira. Wiki mbili zilizopita mlima wa mashariki ulipasuka. Mwanzoni ulikuwa ufa wa kuingiza mkono. Wiki iliyopita wachunga mbuzi walikuja wakasema mbuzi ametumbukia na hawakusikia alipoangukia. Wakubwa wameamua vijiji vyote vilivyo chini ya ufa vihamishwe, na kwa kuwa hawavijui, wamechukua ramani yetu. Juzi asubuhi orodha ilibandikwa mlangoni petu: vijiji sita, kila kimoja na siku yake ya lori, na wapagazi wa kuwabeba wazee na wagonjwa mpaka barabarani. Mzee Wino alijivuna kidogo, akasema leo wameona faida ya kuchafua vidole. Wenzangu wakacheka. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta, kwa sababu chini ya ufa ule vijiji ni saba.

Cha saba kimo kwenye ramani, ila kimechorwa kwa kijivu, rangi ya mahame. Fomu yake ina sahihi yangu.

Juzi hiyo hiyo, mchana, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alipita kutoka zahanati. Akaisoma orodha mara mbili kwa kidole, kisha akaingia na kuuliza kwa adabu kwao mbona hawamo. Mzee Wino akamwomba amwonyeshe ni wapi, akatazama ramani, akamweleza taratibu kwamba pale ni mahame, hapana watu tangu mwaka jana. Yule mama alicheka mpaka akashika meza. Akasema watu wa ofisi mna utani; kama ni mahame, huu unga alionywea uji asubuhi umetwangwa na mizimu? Halafu akaona hakuna anayecheka naye.

Akasimulia basi. Akasema siku ya kuandikwa waliamka alfajiri, wakaogesha watoto, wakakusanyika wote kwa baba mkwe wake, nyumba iliyo nyuma ya bega la mlima. Walikaa mpaka jua likapinda na watoto wakalia njaa. Mwandishi hakutokea. Wakaambizana labda ameliogopa daraja, na kweli lilikuwa limechakaa, basi wiki ile ile wanaume wakabadilisha mbao tano ili siku akirudi asiogope. Wamekuwa wakimngojea mpaka leo.

Mzee Wino akageuka kunitazama. Nilikuwa nachonga penseli. Nikasema nilifika, nikagonga milango yote kumi na mmoja, hapakuwa na mtu. Yule mama akaniuliza kama mbwa hawakunibwekea. Nikajibu sikusikia mbwa. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akasema anawahi mvua, kwani ameacha wengine wawili na bibi yao asiyeweza kutembea. Mzee Wino akamwahidi kuuliza makao makuu, lakini alipoondoka akatuambia hawataongeza kijiji kwa neno la mtu mmoja dhidi ya fomu yenye sahihi. Nami nikanyamaza, dada. Nilimwona akipanda kile kilima na mwanawe, akirudi chini ya ufa, na nikanyamaza siku nzima, na jana nzima.

Ukweli ni kwamba sikuvuka. Mwenzangu wa safari aliumwa tumbo, nikaenda peke yangu. Daraja ni nyaya mbili na mbao, na chini ni korongo ambalo maji yake unayasikia tu. Nilikanyaga mbao mbili, ya tatu ikacheza, miguu ikagoma. Nikarudi nyuma kwa magoti. Nikakaa ng'ambo ya huku mpaka mchana, nikayahesabu mapaa kwa macho, na kwa kuwa sikuona mtu wala moshi, nikaandika mahame. Neno moja linalomaliza kazi. Unakumbuka nilivyokuwa nikikataa hata kupanda ngazi ya darini, ukapanda wewe, ukamwambia mama ni mimi? Nilidhani hata hili litapita vivyo hivyo.

Leo asubuhi nimemwambia Mzee Wino. Heri angenifokea. Aliandika kijiji cha saba kwenye orodha kwa mkono wake, akasema lori litapatikana kesho kutwa, hapo ni kama mlima utakubali kusubiri. Lakini lazima mtu aende leo kuwaambia wateremke. Wapagazi wawili wamekubali. Wa tatu ni mimi. Hakunituma, niliomba.

Naogopa, dada. Naandika garini, utaniwia radhi kwa mwandiko. Naliogopa daraja, hata na zile mbao tano mpya, nazo ndizo ninazoziogopa zaidi. Nauogopa mlima, tangu asubuhi unanguruma, na dereva anaongeza sauti ya kaseti asiusikie. Namwogopa yule mama atakapofungua mlango akaniona.

Na lipo moja ambalo Mzee Wino simwambii, nakwambia wewe tu. Siku ile, kabla sijaandika lile neno, niliona kamba ya nguo kati ya nyumba ya pili na ya tatu. Shuka mbili na gauni dogo la manjano, bado linadondosha maji. Sikukosea, dada. Nilijua watu wapo, na nikaandika hawapo.

Nisalimie shemeji na majirani. Mama mwambie mtoto wake ni mzima na anakula vizuri. Barua yenyewe usimsomee. Goti lako nalitakia nafuu. Nikijaliwa kurudi nitakuandikia siku hiyo hiyo. Nisiporudi, tafadhali nenda makao makuu, waonyeshe barua hii, useme kijiji cha saba kina watu, na aliyewafuta ni mimi. Dereva amewasha gari. Mvua haijapungua.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuachia ngazi.