Baa Tatu na Sahihi Moja

Jumapili, 14 Septemba 2025

Baba hakuja tena. Jumapili ya pili hii. Nilipika wali na ndengu, nikafunika sahani yake mpaka saa mbili usiku. Simu haipatikani. Labda kazi ni nyingi huko Kawangware. Mageti ya watu hayajichomelei.

Jumanne, 16 Septemba

Daktari wa mifupa amekubali! Mdogo wangu Kavoi ataingia thieta Alhamisi asubuhi. Miezi minane mguu wake umekuwa ukitoa usaha, na sasa wanasema sehemu iliyooza itakwanguliwa na atatembea vizuri. Ana miaka tisa. Ameniuliza kama atacheza mpira Desemba. Nimemwambia aseme Pasaka.

Lakini kuna fomu. Lazima mzazi aisaini, na irudi wodini pamoja na kitambulisho chake kabla ya saa moja asubuhi Alhamisi. Nesi amenieleza polepole: daktari huyu huja mara mbili kwa mwaka. Fomu isiporudi, nafasi anapewa mtoto mwingine.

Niliomba nisaini mimi. Nina miaka kumi na saba na miezi minane. Nesi akacheka kidogo, si kwa ubaya.

Mama yuko Saudia tangu Februari mwaka jana, na mwajiri humpa simu Ijumaa tu. Amebaki Baba.

Jumatano, 17 Septemba, saa nane mchana

Sikwenda shule. Nimempigia Baba mara kumi na nne.

Hajawahi kutuambia anakolala. Husema tu, "huko mjengo", yaani kwenye ujenzi. Jirani yetu Lenah wa mlango wa pili amesema fundi akitoka kazini utampata penye keg, ile bia ya pipa, na baa zinafunguliwa saa kumi na moja. Atanisindikiza. Amenipa leso nijifunge juu ya sketi ya shule. "Ukiingia na sare watadhani ni msako, waruke madirisha."

Nimepanga maneno: Habari za jioni. Namtafuta Bwana Daniel Musembi, fundi wa kuchomelea. Mwalimu wetu husema ukitaja jina kamili unasikilizwa.

Jumatano hiyo hiyo, saa mbili na robo usiku

Naandika nje, Kabiro, huku Kawangware, kwenye ngazi, chini ya taa ya ploti ya vyumba vya kupanga. Nikikaa bure nitalia.

Baa ya kwanza ilikuwa upande wa Satellite. Sijawahi kuingia baa. Sakafu inanata. Dada wa kaunta alikaa nyuma ya wavu wa chuma. Nikasema maneno yangu yote.

"Hapa hatuna mabwana," akasema. "Tuko na wateja."

Watu wakacheka. Lenah akasema basi atuonyeshe hao wateja. Dada akajibu, "Mathe, kama mmekuja kumwagia mtu keg kichwani, mngojeeni kwa barabara. Sitaki kupiga deki mara mbili."

Nilisema sisi si wagomvi. Hakunitazama tena.

Baa ya pili ilikuwa nyuma ya duka la kuuza mbao. Nilipotaja jina, wanaume wote waliinamia vikombe vyao, kama darasa mwalimu akiuliza nani hajaandika insha. Mmoja akaita, "Musembi ni mimi, msupa. Nikununulie soda?"

"Musembi gani wa Ukambani na lafudhi ya Kisumu?" Lenah akamwuliza. Hata mlinzi alicheka. Lakini alitutoa.

Nje giza lilikuwa limeingia. Lenah akanieleza jambo ambalo shuleni hawafundishi. Kwenye baa, mtu akitafutwa na watu wa nyumbani, hajulikani. Hata kama amekaa hapo mbele yako. Ndiyo heshima yao. Na mimi nilikuwa nimeingia kote na jina la kitambulisho, kama karani wa korti.

Kwa hiyo baa ya tatu sikutaja jina. Nilimwendea mwenye baa, mzee Irungu, nikamwambia kuhusu mguu wa Kavoi. Nikamwonyesha fomu. Nikasema baba yangu ni mfupi, huchomelea mageti, na kidole cha shahada cha kushoto hakina ncha.

Irungu alipunguza sauti ya redio.

"Huyo ni Baba Tracy," akasema. "Leo hajapita. Mtoto wake anatimiza miaka mitano. Ploti ya Gichuru, hapo Kabiro, mlango wa saba."

Nikamwambia si yeye. Baba yangu ni Baba Ndanu. Mtaani kwetu Makina wote humwita hivyo, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza. Nikamshukuru, nikageuka nitoke.

Lenah akanishika leso. "Ndanu. Kuna mafundi wangapi wenye kidole kama hicho?"

Irungu alianza kufuta kaunta iliyokuwa safi.

Miaka mitano. Mama ameondoka juzi tu, mwaka mmoja na miezi saba. Nimehesabu mara mbili, nikitembea.

Baba mwenyewe ndiye aliyefungua mlango wa saba. Nyuma yake kulikuwa na baluni. Alisema jina langu polepole sana. Akaisoma fomu yote. Akauliza kama Kavoi anasikia maumivu usiku. Aliuliza kweli, machozi yakimlengalenga. Kisha akanirudishia. "Ngoja hapo nje. Natafuta kitambulisho. Usiseme kitu."

Sauti ya mtoto ikauliza ni nani.

"Ni mtoto wa rafiki yangu wa kazi."

Hiyo ni nusu saa iliyopita. Lenah yuko getini, anataka kuingia apige kelele ploti nzima isikie. Nimemsihi angoje. Kwanza asaini. Mengine nitayabeba baadaye, hata kumwambia Mama Ijumaa, au kutomwambia.

Sasa hivi Mama Tracy ametoka na chai na kipande cha keki. Nilitaka awe na sura mbaya. Hana. Amenifunika mabega na sweta yake. Akauliza nani mgonjwa. Nikasema ndugu yangu mdogo.

"Pole, mum. Na baba yenu yuko wapi, mpaka unatembea na hiyo fomu usiku?"

Nilikuwa nimeziba jina la Baba kwa kidole gumba. Nikasema yuko njiani.

Ameitazama fomu. Akatazama kidole changu juu ya jina. Ameingia ndani, na mlango umefungwa. Nasikia sauti yake, iko chini.

Chai inapoa. Lazima niache kuandika. Kalamu niliyo nayo ni hii moja, na Baba akitoka nataka aikute tayari.