Kelele za Amplifaya ya Shemeji

Jumatatu, 16 Machi

Amplifaya ya shemeji imetua mezani kwangu leo. Yaani mimi, mdogo wa mkewe, ndiye nimpimie kazi! Meneja kasema mpimaji mwingine hakuna, undugu tuuache getini. Haya.

Kijikopo chenyewe cha bati, kidogo kuliko kiganja. Kitakaa ndani ya mashine ya kupima masikio ya vichanga. Mtoto anapigiwa sauti, sikio linajibu kwa umeme kiduchu mno. Amplifaya ikiwa na kelele zake yenyewe, jibu linazama na mashine inaanza kubahatisha. Mtoto asiyesikia anapelekwa nyumbani kama mzima.

Mpaka wa kelele ni milivolti tano. Ikizidi hapo, Ijumaa meneja anaagiza amplifaya za dukani, na miaka miwili ya shemeji inaingia kabatini. Nimeifungua nikaangalia lehemu zake. Mashallah! Kila nukta inang'aa, hakuna hata moja iliyovimba. Kuna watu wamejaliwa mikono.

Jumanne, 17 Machi

Oskilo, mashine ya kuchora umeme kiooni: saba. Saba! Nimebadili waya, nimezima taa, nimemfukuza mhasibu na simu yake. Saba ileile. Kelele zimejaa kwenye kioo kama majani yasiyofyekwa.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilitamani anigombeze, angalau nipate pa kushika. Wapi! Kanishukuru, kaniambia nijaribu na analaiza, akaenda zake kunywa chai. Mtu huyu nampenda bure.

Jumatano, 18 Machi

Kutwa nzima na spektra analaiza. Oskilo inasikia ukumbi mzima kwa mpigo. Analaiza inapita meza kwa meza, kila masafa na kelele zake. Halafu kujumlisha ni juu yako — na hazijumlishwi hivihivi. Unazidisha kila moja kwa yenyewe, unajumlisha, mwisho unatafuta kipeuo cha pili. Shingo imekakamaa.

Jibu: tatu! Tatu kamili!

Nikampigia dada palepale. Imepita! Alipiga ukelele nikaiweka simu mbali na sikio. Kumbe wiki nzima mumewe halali, anahesabu mabati tu. Meneja naye kachangamka: tuichukue hiyo tatu, oskilo yenyewe kuukuu, labda inajisikia yenyewe.

Shemeji peke yake hakucheka. Kauliza tu: saba na tatu, nani muongo?

Alhamisi, 19 Machi

Mkono unauma lakini lazima niandike.

Shemeji kaja asubuhi, kavuta kiti. Hatusaini karatasi ya vipimo, kasema, mpaka mashine zote mbili ziseme neno moja. Tukaanza na oskilo. Tukaifunga mdomo tusikie kelele zake yenyewe: kidogo sana, hata robo ya milivolti haifiki. Meneja kaisingizia bure! Kisha tukaweka kichujio, maana ilikuwa inaokota hata masafa ya juu ambayo mashine ya masikio haina habari nayo. Saba ikashuka, ikawa sita.

Sita na tatu. Mara mbili kabisa! Mimi nimetoa macho tu. Yeye akainama kwenye tundu la analaiza, akasoma maandishi madogo ya pembeni. Nikamuuliza, kuna nini shemeji?

"Ohm hamsini," akasema, polepole.

Analaiza haisikilizi tu, inakunywa! Ina ukinzani wa ohm hamsini mlangoni, na amplifaya ina ohm hamsini pale inapotolea. Zinagawana volti nusu kwa nusu. Mashine ya masikio hainywi hivyo. Kwa hiyo tatu yangu si tatu. Ni sita.

Na angeweza kunyamaza! Karatasi tayari, meneja keshakubali, mimi nimeshatangaza mpaka kwa dada. Tundu lile nachomeka waya kila siku na jana halikunijia kichwani. Limemjia yeye, dhidi ya kazi yake mwenyewe. Halafu akafanya nini? Akatabasamu! Akanipa mkono kabisa. "Sita na sita, shemeji. Sasa zinaelewana."

Nikaenda chooni kulia. Nililia kwa hasira na kwa fahari, sijui ipi ilizidi.

Dada nitamwambia nini? Shemeji kasema nisijisumbue, atamwambia yeye.

Ijumaa, 20 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, naandikia magotini. Shemeji yuko ndani. Nilimsihi aanze kwa kuomba wiki moja, jamani, imezidi milivolti moja tu! Kasema ataomba, ila ataanza na sita.

Mlango huu mwembamba. Meneja kapandisha sauti: juzi tatu, leo sita, nani kapima? Nikatamani ardhi inimeze. Shemeji kajibu taratibu, kila neno nimelisikia: kapima shemeji yangu, na kapima vizuri kuliko yeyote aliyewahi kuishika kazi yangu.

Meneja kasema basi huyo mpimaji aingie, asaini mwenyewe kuwa imeshindwa — kama ana moyo wa kumfanyia hivyo mume wa dada yake.

Shemeji anacheka! Anasema, ataweza.

Kiti kinasogezwa. Mlango unafunguliwa.