Maganda ya Mzee Tarus

Nasteha, Jelagat ameshonwa mdomo, stichi nne. Ni Mzee Tarus wa Chepsaita amempiga. Yule mpole, anayetuleteanga maganda ya mti hapa maabara tupime kama yanaua corona. Huyo huyo.

Alikuja kuuliza majibu. Jelagat na vile anapenda kufundisha, akamwonyesha picha kwa laptopu, akamwambia: Maganda yako yameua virusi vyote, Mzee, lakini yameua hata seli zenye hatukutia virusi. Hii ni sumu.

Mzee akauliza hizo seli ni za nini.

Za figo ya tumbili.

"Figo?"

Figo, Mzee.

Wallahi hakupiga kelele. Alipasua laptopu kwa ukuta, akashika Jelagat shingo, akamgonga uso na meza mara mbili. Damu mpaka kwa kalenda. Figo tu, Nasteha, hilo neno moja.

Sadiq, mwenzetu wa maabara, alipomvuta, Mzee akakaa chini akalia.

Sasa Jelagat amekataa kwenda polisi. Anasema akigongwa alikuwa anasikia Mzee akimwambia polepole kwa sikio: "Marehemu bibi yangu nilimchemshia hayo maganda mwenyewe kila asubuhi. Figo zilipoanza kumsumbua, nikamwongezea."