Bwana Wangu na Unga wa Karanga

Jumatatu, 3 Machi
Na hata akijikunja na kushika tumbo, Faustin wangu bado ni mzuri. Wiki tano za ndoa! Leo hospitalini dozi imepanda: unga wa karanga, ncha ya kijiko, ndani ya uji, kila siku nyumbani. Ana mzio wa karanga; daktari anauzoesha mwili wake kidogo kidogo, ili karanga isije ikamuua. Faustin amekubali kwa sababu ya mama yangu. Siku ya harusi hakugusa kuku wa mchuzi wa karanga aliyepikwa na mama. Mama aliumia, anadhani mkwe anamdharau. Na Faustin amenikataza kumweleza. Anaona aibu kuitwa mkwe mgonjwa. Nampenda mno.

Alhamisi, 6 Machi
Tumbo. Kuharisha. Daktari alitutahadharisha: ale kwanza, ndipo anywe dozi, kisha apumzike. Nimemkanda mgongo. Sijui kama mgongo unatibu tumbo. Ametabasamu. Imenitosha.

Jumamosi, 8 Machi
Ametapika asubuhi nzima. Mama Béa, jirani, akapiga kigelegele nje ya dirisha. "Félicitations, hongera bibi-arusi!" Nikamwambia anayetapika ni bwana. "Alors, mimba iko kwake!" Nimecheka sana. Halafu nikaingia ndani nikalia.

Jumapili, 9 Machi
Anajiongezea dozi! Tangu Alhamisi anachota mara mbili, kwa siri, ili awahi kula kwa mama. Leo midomo ilivimba, pumzi ikawa nzito. Nilimchoma sindano ya dharura pajani, kama tulivyofundishwa. Tukakimbia hospitali kwa pikipiki. Mjinga. Mjinga wangu mimi. Sijawahi kukasirika hivi. Sijawahi kuogopa hivi.

Jumanne, 11 Machi
Amerudi nyumbani. Dozi imesimamishwa. Baadaye ataanza upya, kutoka chini kabisa, na kijiko nitashika mimi.
Sikumwomba ruhusa. Nilimpigia mama simu kule kwake Yanonge, nikasema yote. Akasema: "Mutoto yangu, alitaka kufa sababu ya kuku yangu?" Akauliza anakula nini bila kuumia. Samaki, nikasema. "Bon. Samaki iko."

Jumatano, 12 Machi
Mvua. Nimemwambia Faustin kwamba mama anajua. Aligeukia ukuta. Kisha akauliza, polepole, kama mama amemkasirikia. Hapana, mpenzi. Anataka kukuona tu.
Sasa amelala, kichwa pajani pangu. Nimemtumia mama ujumbe: kabla mwezi haujaisha tutashuka mto, sisi wawili, tuje kwako.