Wote Walimsalimia Bi Hondo

Jumapili, Julai. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na mpaka sasa haujainuka, mti wa pea ulio mlangoni siuoni. Baridi ya kukunja vidole. Nimevaa sweta mbili na kujitanda kanga ya mama, lakini nimekaa hapa naandika kwa sababu nikiacha mpaka kesho nitapasuka.

Nina furaha jamani. Nina furaha mpaka naona aibu.

Kwa anayefika kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi na Neema, rafiki yangu tangu sekondari, tumetengeneza gemu. Neema yuko kwao Malindi, si ile ya pwani, hii ya huku huku milimani, anachora. Mimi niko hapa Lushoto, naandika hadithi na kugombana na kompyuta. Si gemu ya kukimbizana wala ya kupiga risasi. Ni hadithi unayoisoma kwenye simu, wanyama wanazungumza, na kila baada ya muda unaulizwa ufanye nini, kisha hadithi inafuata ulichochagua. Inaitwa Njia ya Chemchemi. Paa mdogo anayeitwa Sudi anapanda msituni kujua kwa nini kijito cha kwao kimekauka, na njiani anakutana na wakubwa wa msitu mmoja mmoja. Tuliiachia wiki mbili zilizopita, bure, apakue anayetaka. Tulidhani watacheza ndugu zetu, watatupa hongera za huruma, yaishe.

Mwee! Maoni yanamiminika kama mvua za masika.

Mmoja wa Iringa anasema amemlilia Mzee Kobe ndani ya basi mpaka abiria wa pembeni akampa leso. Dada mwingine kacheza yote upya, kisa tu alimjibu vibaya komba na roho ilikuwa inamsuta, akaona arudi akamwombe radhi. Kuna aliyetupa nyota moja kwa sababu ya Bi Kinyonga: "Mnatuwekea kinyonga kioo kizima, mnataka tufe?" Hapo nilicheka mpaka nikakaa chini, kwa sababu Neema mwenyewe kinyonga hamwezi. Alimchora akiwa amegeuza uso nusu, nami nimemfuata kwao, nikimshikilia picha ya mfano. Nasoma maoni haya asubuhi kabla sijanawa uso. Sijui kama ni ugonjwa.

Lakini kuna Bi Hondo.

Bi Hondo ni hondohondo jike. Mnawajua hawa: jike akitaka kutaga anaingia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo, unabaki ufa mwembamba tu, na dume ndiye anayemletea chakula mpaka vifaranga wakue. Sudi anapita chini ya mti wake, na mchezaji anapewa machaguo mawili. Msalimie. Au, pita kimya.

Ukimsalimia, anajibu kupitia ule ufa: "Marahaba, mjukuu wangu. Huku salama tu. Pita." Sudi anapita. Ukipita kimya, anakufokea. "Wewe! Mtoto wa nani, unanipita kama umeona kisiki?" Na akishaanza kufoka hawezi tena kunyamaza, anayatoa yote: kwamba mume wake haonekani, kwamba vifaranga wameacha kulia, kwamba kila mpita njia anamjibu salama, salama, na ndani hamna kitu. Kama nimewahi kuandika kitu kizuri maishani, ni hicho.

Na huku kwetu hakuna aliyekisoma.

Hakuna! Nani katika Lushoto hii atampita bibi bila shikamoo, hata kama bibi mwenyewe ni ndege wa kuchorwa? Mama Shafii, jirani yetu, nilimbembeleza ajaribu, angalau mara moja. Akaniambia, "Mwanangu, kidole chenyewe kilikataa." Wanaoisoma sehemu ile ni wa mbali. Aliyeanza ni mchezaji wa Mwanza, kidole kiliteleza akapita kimya kwa bahati mbaya, akaenda kutangaza kwenye maoni, na sasa kuna kundi zima linatupigia kelele: mume wa Bi Hondo arudi! Arudi na chakula! Mtamwachaje bibi wa watu?

Wa huku wao wanalalamika gemu inaganda. Wote mahali pamoja. "Nimemsalimia bibi, kajibu, halafu kimya." Neema amelitafuta kosa hilo kwenye kila simu aliyoweza kuazima Malindi na hakuliona.

Kisha akatokea mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya huko huko Malindi. Anaitaka gemu yetu asome na wanafunzi wake. Wanafunzi! Hadithi yetu darasani! Ila kwa sharti: lile chaguo la kupita kimya litoke. Anasema mtoto asifundishwe kwamba ukikosa adabu ndipo unapopata hadithi tamu. Neema akaona ana haki, tulitoe. Mimi nikakataa. Tumevutana wiki nzima, nikamrushia maneno makubwa makubwa ya uhuru wa mwandishi, mpaka akaniuliza kama nimeanza kujisikia.

Sababu yangu haikuwa hiyo. Sababu yangu hata Neema sijawahi kumwambia.

Bi Hondo ni mama.

Nilikuwa darasa la pili baba alipoteremka kwenda kutafuta kazi kwenye mkonge, Korogwe. Mwanzoni alikuwa akituma. Baadaye akaacha, na salamu zake pia zikaacha. Nyumba yetu iko chini ya njia, kama nyumba nyingi za huku mteremkoni, na watu wakipita huko juu wanaita bondeni: Mama Hawa, hamjambo huko? Naye, ndani, mlango umerudishiwa, jiko halina moto, anajibu kwa sauti nzuri kabisa: hatujambo, salama! Mimi nimekaa pembeni yake namwangalia mdomo. Sikumwuliza kitu siku zile wala baadaye. Nimekua, nikaandika gemu ya wanyama, na yeye akaingia humo bila mimi kumwomba ruhusa.

Nikamficha mahali ambapo yeye asingefika kamwe, nyuma ya utovu wa adabu. Nilijiona nina akili sana.

Leo baada ya adhuhuri mama alikuwa jikoni anachambua maharage. Akasema bila kunitazama, "Mama Shafii ananiambia kwenye simu yako kuna wanyama wanaamkiana. Mimi ndiye nisiyestahili kuonyeshwa?"

Nikampa simu. Nikajiambia hana hatari, huyu atasalimia kila jiwe.

Akafuta mikono, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma tangazo la mkutano wa kijiji. Akampenda Mzee Kobe papo hapo. Kwa Bi Kinyonga akafunika kioo kwa kiganja akaniamuru nisome mimi, akitoka aambiwe. Mimi nacheka, moto unawaka, nje ukungu, nasema moyoni kumbe hii ndiyo raha yenyewe.

Akafika kwa Bi Hondo. Akamsalimia, kwa kidole na kwa mdomo pia. "Shikamoo bibi." Bi Hondo akaitikia yake. Mama hakuendelea. Akamgusa Bi Hondo. Akamgusa tena.

"Mbona kanyamaza?"

"Ameshajibu, mama. Gusa mshale, Sudi aende."

"Aende wapi na salamu haijaisha?"

Jamani. Jamani! Gemu haijawahi kuganda. Wiki mbili watu wa huku wamesimama chini ya ule mti wanangoja salamu iendelee: za hapa, za watoto, mmeamkaje, baridi mnaionaje. Hawakuugusa mshale kwa sababu huondoki kwa mtu kama hamjamalizana. Mimi, Msambaa wa kuzaliwa na kulelewa, nimeandika salamu ya mtu anayewahi basi! Nilitamani kujizaba kofi. Nikaanza kucheka peke yangu, nikatafuta pa kuandika nimpelekee Neema.

Mama hakuwa anacheka.

"Salama gani hii," akasema, anaitazama ile picha. "Mlango umezibwa. Mume wake simwoni. Huyu anasema uongo." Akavua miwani. "Habari hii umeitoa wapi, Hawa?"

Ningeweza kusema ni hadithi tu. Ulimi ulishajiandaa.

"Kwako, mama."

Akarudi kwenye maharage. Akachambua, mabovu huku, mazuri kule. Nilijua nimemvunjia heshima. Ameficha jambo lake miaka yote hiyo, binti yake analianika mpaka Mwanza.

Baadaye akauliza, "Akipata wa kumwambia, anasemaje?"

Nikamwonyesha chaguo la kupita kimya, akalikataa palepale. Basi nikamsomea mwenyewe kwa kichwa, nimeinama, maana nayajua yote. Nikafika pale Bi Hondo anapolia kwa njaa.

"Halii," mama akanikatiza. "Njaa mtu unaizoea. Kilichoniuma mimi, walikuwa wananisalimia huku wanatembea. Sasa nijibu si salama, nimwambie nani? Mgongo? Angekaa mtu mmoja. Akae, aulize mara ya pili. Ningesema."

Nililia, sikatai. Yeye hakulia. Aliniacha nilie, kisha akanisukuma goti kwa kiwiko. "Usinitazame mimi. Andika."

Nikaandika. Tumeandika pamoja mpaka maharage yakasahaulika! Kuna chaguo la tatu sasa: Msalimie, ukae. Sudi anaketi kwenye mzizi, anauliza za hapa, anajibiwa salama, anauliza za watoto, anajibiwa salama, na asipoondoka, Bi Hondo anaanza kusema polepole, bila kufoka. Maneno ni ya mama, mimi nimeyapanga tu. Na ni mazuri kuliko yangu, nalisema hili bila wivu. Kidogo tu.

Nikampigia Neema, nikaweka sauti kubwa. Alipiga ukelele mpaka mbwa wao wakabweka. Mwalimu atafurahi, na walioganda wataganduka! Chaguo la kupita kimya tumeliondoa, nami nimekubali kwa moyo mweupe. Halafu Neema, asiyejua lolote maskini, akasema ngoja tumwulize mama jambo moja.

"Mama, shikamoo. Wachezaji wanataka mume wa Bi Hondo arudi. Wewe unaonaje, arudi?"

Mama, kwanza, akamwamkia Neema kama inavyotakiwa: hujambo, mama hajambo, viazi vimetoka, baridi ya huko mnaiwezaje. Neema akaitikia zote. Ndipo mama akajibu.

"Asirudi. Wamngojee wa nini? Ndege mwenyewe ana mdomo kama panga. Autoboe huo udongo, atoke, akatafute. Mimi nilitoka siku ya soko, na kapu la pea, na kanga yangu ya harusi. Waliponiona sokoni wakaniuliza, leo umetoka? Nikawaambia, nimetoka."

Sauti ndogo kutoka Malindi: "Mama... kumbe Bi Hondo ni wewe?"

"Mimi ni mtu, Neema. Yule ni ndege." Akaanza kucheka yule mama yangu, akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye maharage. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo juu ya mambo ya baba. Sikujua kwamba inawezekana.

Najua kelele zitakuwepo. Wale wa "arudi" watatunyang'anya nyota. Watunyang'anye. Neema ameshaanza kuchora udongo unapasuka na mdomo unatokeza, amenitumia rasimu, nami naitazama tena na tena. Hii ndiyo gemu niliyotaka kuitengeneza, nami sikuwa naijua.

Kabla ya magharibi mama aliichukua tena simu, akaenda mwisho kabisa, kwenye majina. Akanionyesha kwa kidole.

"Hapa naona Hawa, naona Neema. Mimi niko wapi?"

Nikamwuliza kama ana hakika, watu watajua. Akasema ndiyo maana anataka. Basi nimemweka: Zaina, mtunzi wa maneno ya Bi Hondo. Akalisoma jina lake kwa sauti, akairudisha simu, akaenda kutia udhu.

Sasa niko peke yangu na jambo moja linanikwaruza katikati ya furaha yote hii. Kila asubuhi huwa namwamkia mama nikiwa nafunga kamba za viatu. Shikamoo mama, umeamkaje? Naye ananijibu salama mwanangu, na mimi nimeshafika mlangoni. Miaka yote hii, hiyo salama yake nimekuwa nikiibeba bila kuitazama.

Kesho nitamwamkia nikiwa nimekaa. Akisema salama, nitauliza tena.