Mjafari Wako Unakauka, Bibi

Bibi,

Nakuandikia nimekasirika, na wa kwanza ninayemkasirikia ni wewe.

Mjafari wako wa dawa, ule wa nyuma ya nyumba hapo Butiama, unakauka. Tulipomaliza tu kukuzika, waombolezaji walihamia kwenye mti, wengine na panga, wengine na visu vilivyokuwa vinamenya ndizi za msiba. Walibandua magome kuzunguka shina lote, mpaka mkono ulipofika. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Baba mdogo Magesa, mwanao wa mwisho, akanijibu kwa upole wa kuudhi: "Mama alikuwaga anasema mti unamjua yeye tu akiwa hai. Sasa si amekufa?"

Ni kweli ulisema hivyo, Bibi. Ulitangazia kijiji kizima kwamba atakayebandua gome bila wewe atavimba mdomo. Mimi uliniambia pembeni, ukicheka: "Nisipowatisha watanimalizia." Haya, hawakuumaliza. Walisubiri kwa adabu mpaka ulipofumba macho.

Kwa nini hukuwafundisha tu? Kubandua kipande chembamba upande mmoja, kupaka kidonda cha mti udongo na samadi, kuuacha upumzike mpaka gome lijifunge. Mimi nililijua hilo kabla sijaanza shule. Wao lingewashinda nini?

Sasa kero yote ni yangu. Hapa Mwisenge ninaposhona sare za wanafunzi, watu wanashuka kwenye bodaboda kutoka Nyakato, shangazi naye anapiga simu kutoka Manyamanyama. Huyu ana kikohozi, yule jino. Wanataka gome, na wengi ndio hao hao walioubandua! La kwao limeota ukungu kwenye mifuko ya plastiki, maana hakuna aliyejua kulianika kivulini. Nikiwaambia waende hospitali, wanasema nina roho mbaya.

Ulikuwa ukinipa kipande nitafune, ulimi unakufa ganzi, halafu unaniambia nitaje majina ya wajomba wote. Nikishindwa unacheka mpaka unakaa chini. Nimekukosa, Bibi. Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba siwezi kukugombeza ukanijibu.

Nimepata miche Bunda. Mmoja nimeupanda nyumbani kwako, mingine nimewagawia wale wale wenye visu. Jumapili baada ya ibada niliwaeleza kwamba ule mwiko uliutunga mwenyewe, kisha nikawaonyesha namna ya kubandua. Baba mdogo alinuna, akasema nakuchafulia jina. Lakini aliondoka na mche wake, ameushika kwa mikono miwili.

Pumzika, Bibi. Hasira zitaisha, si leo. Nakuahidi nitamfundisha kila atakayeuliza, hata wasumbufu, ili siku nitakapokufa mimi pasiwe na mtu aliyekuwa akinisubiri nife.

Mjukuu wako,
Nyangeta